Gari lilizima mara tatu porini, mimi na navigeta wangu hatuelewani mpaka leo. Wazoefu njooni hapa

#1 Korongo_Kavu

Wakuu, salaam.

Jumamosi ya juzi mimi na rafiki yangu tuliingia kwa mara ya kwanza mashindano ya magari ya porini huku kwetu Kaskazini. Hayakuwa mbio za kasi. Mnapewa vituo vinane kwenye ramani na saa sita za kuvitafuta, na anayevifikia vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Magari yalikuwa kumi na manne, wote ni watu wa kujitafutia raha, hakuna wa kulipwa. Mimi dereva, yeye navigeta. Palipo pabaya anashuka na kutangulia kwa miguu, ananionyesha pa kupita.

Gari ni Land Cruiser hadtop, injini 1HZ ya dizeli, mkonga (bomba la kuvutia hewa juu) upo, matangi mawili. Vituo vitano vya kwanza tulivila vizuri mpaka watu wakaanza kutuulizia sisi ni akina nani. Kisha tukaingia korongo lenye mawe, ukingo wake mkali. Gari likapanda nusu, likakosa nguvu, likapiga kishtobe (kushtuka na kukatakata) mara mbili tatu, likazima. Moshi mweusi hakuna. Geji ya joto katikati. Tukakaa kama dakika ishirini, likawaka kwa stata ya kwanza kana kwamba halijawahi kuumwa. Kilima cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Muda ukatuishia tukikiona kituo cha nane kwa macho, bendera yake inapepea pale juu, mita kama mia tatu.

Rafiki yangu anasema kosa ni langu: alinyoosha mkono kushoto, mimi nikapita kulia, nikalilaza gari ubavu, dizeli ikakimbia mdomo wa bomba la kunyonyea tangini. Mimi nasema ni uchafu wa dizeli tuliyojaza njiani. Tangu siku ile nikimpigia yuko bize. Huyu mtu tumekaa dawati moja tangu darasa la tatu. Naomba jibu la kifundi, nijue kama mimi ndiye ninayepaswa kuomba radhi.

#2 FundiNozo

Pole mkuu. Kabla ya kukujibu: mlikuwa mnatumia tangi lipi, na lilikuwa na dizeli kiasi gani? Filta imebadilishwa lini? Na zile dakika ishirini mlifanya nini hasa? Watu husema "tulikaa likapona". Gari halikai likapona. Kuna kitu mligusa.

#3 Mtu_wa_Mbio

Hiyo ni joto tu, 1HZ ikipanda sana inachemka. Halafu haya mashindano yenu mmeiga Rhino Charge ya Wakenya, zile mbio za kasi za tangu miaka ya sabini za kuchangia faru. Kule dereva ni mmoja, hakuna ugomvi wa navigeta.

#4 Korongo_Kavu

FundiNozo: tangi la nyuma, mshale robo au chini yake kidogo. Filta ina miezi minne. Zile dakika ishirini rafiki yangu alifungua mfuniko wa tangi akachungulia kwa tochi, kisha akapiga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu. Mimi nilikuwa natoa majani kwenye rejeta. Mara ya pili tulirudia hivyohivyo.

#5 Chujio_la_Pili

Alipofungua mfuniko ilisikika sauti ya "fyuuu", kama chupa ya soda? Kama ilisikika, mimi nafunga jalada. Dizeli ikitoka kwenye tangi lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kijibomba cha kupumulia kikijaa tope, tangi linajifyonza lenyewe. Tambarare hujui kitu kwa sababu injini inakula kidogo. Ukikanyaga mafuta kilimani inaomba dizeli nyingi, haipati, inakufa. Ukifungua mfuniko linapumua, gari linawaka.

Yalinikuta kwenye pikapu yangu baada ya kuvuka mto. Nilibadilisha filta, nikasafisha tangi, nikanunua pampu ya mtumba, hela ikateketea. Mwisho kijana mmoja muosha magari akaona kijibomba kimezibwa na nyigu wa udongo! Alikizibua kwa kipande cha waya wa baiskeli.

#6 Mkulima_Nanyuki

Niaje wasee. #3 umechanganya mambo. Rhino Charge ilianza 1989, si sabini, na si mbio za kasi. Ni kama vile mleta uzi ameeleza: vituo kumi na vitatu, muda wa saa kumi, na anayeshinda ni aliyetumia kilomita chache zaidi. Kasi haikusaidii. Unaweza kuona gari limesimama nusu saa mbele ya mwamba, watu wanabishana, wengine wamepanda juu ya mti wanaangalia upande wa pili. Na hakuna kitu kama dereva peke yake. Kuna navigeta, kuna wale wa kukimbia mbele kwa miguu kutafuta njia kwenye miiba. Hao ndio wanaumia kushinda wote.

Mahali panabaki siri mpaka siku zikaribie, ili mtu asiende kufanya mazoezi mapema. Na timu lazima itafute wafadhili ndiyo iingie. Ile pesa ilijenga ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare, kama kilomita 400, ukakamilika 2009. Mwanzoni nia ilikuwa kumlinda faru mweusi, baadaye ikaonekana hata mkulima wa jirani amepona, ndovu hashuki tena kwa mahindi yake. Mimi ni mmoja wa hao majirani, kwa hivyo naongea kitu ninakijua.

#7 FundiNozo

#3 joto siyo, mleta uzi amesema geji ilikuwa katikati. Injini iliyochemka haiwaki kwa stata moja na kuendelea kama kawaida, utaona maji yanaruka.

#5 umesema vizuri lakini usifunge jalada mapema. 1HZ haina pampu ya umeme ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tangi. Pampu ya nozeli yenyewe inavuta kutoka nyuma ya gari mpaka mbele. Kwa hiyo mpira wowote uliochoka njiani hautakuonyesha dizeli ikidondoka. Utanyonya hewa. Unapaki gari nyumbani, chini pakavu, unasema hakuna mvujo, kumbe upo. Na jambo lililonigusa ni hili: jamaa alipiga pampu ya mkono "mpaka ikawa ngumu". Maana yake ilikuwa laini. Kama ilikuwa laini basi kulikuwa na hewa kwenye bomba la dizeli. Sasa hewa ilitoka wapi? Mpira uliochoka, au mdomo wa bomba uliobaki mtupu gari likiwa limelala na tangi ni robo. Zote mbili zinaleta hewa ileile. Hapo rafiki yako ana hoja, mkuu.

#8 Mama_wa_Gereji

Habari za humu. Mbona wote mmekimbilia dizeli? Hiyo pampu ya nozeli ina swichi ya umeme inayofungua njia ya dizeli, waya wake mmoja umesimama pale pembeni. Ukilegea, gari likitikiswa kwenye mawe linakatika, likitulia linashika. Nina mteja alizungushwa na mafundi mwezi mzima, nikafika nikakaza nati moja kwa vidole. Kwa vidole, sikutumia hata spana.

#9 FundiNozo

Mama_wa_Gereji heshima yako, dada. Ila swichi ile ikikatika injini inakufa papo hapo, sawa na kuzima ufunguo. Yeye amesema ilikosa nguvu kwanza, ikapiga kishtobe. Kishtobe ni njaa ya dizeli.

#10 Mama_wa_Gereji

Waya uliolegea haukatiki mara moja, mdogo wangu. Unakata, unashika, unakata, unashika. Dereva kule juu anaita kishtobe.

#11 Bin_Maskati

Assalaam aleykum. Mimi niko Maskati, na Ijumaa hutoka na jamaa zangu kwenda mchanga wa Wahiba, kila gari watu wawili. Huku hatuna makorongo, tuna vilima vya mchanga, lakini hilo la robo tangi tunalijua sana. Ukikata kilima ubavu, mafuta yanakimbilia upande mmoja. Sisi hatuendi chini ya nusu tangi, ni sharti. Mzito utakuwa mzito, lakini utarudi nyumbani.

Nauliza, upepo mlipunguza? Huku twashusha mpaka paundi 15, hata 12. Kwenye mawe hamwezi kushuka hivyo, lakini tairi gumu likiteleza dereva hukanyaga mafuta zaidi, na injini huomba dizeli zaidi. Pengine ugonjwa ulikuwepo siku zote, nyinyi ndio mliouita.

#12 Mtu_wa_Mbio

Nimekubali kusahihishwa kuhusu Rhino Charge, asante Nanyuki. Ila kwenye urafiki nina mfano. Joginder Singh alichukua Safari Rally mara nne na navigeta yuleyule. Ndugu wa damu hawagombani garini.

#13 Babu_Vumbi

Wajukuu, hapo niachieni. Joginder Singh alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1965 ndiyo aliyokaa na nduguye Jaswant, kwenye Volvo. Mwenye nyingi ni Shekhar Mehta, mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, na hizo nne zote pembeni yake alikuwa Mike Doughty.

Lakini mkitaka habari ya marafiki wawili, msiwasahau Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mbio zile za Safari zilianza 1953, zikawa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na masika yalikuwa hayaoni huruma. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili walioshinda ni hao hao wawili, na Peugeot 404. Mtu anaweza kubahatisha tope mara moja. Watu wawili kulivuka tope la namna ile mara mbili, miaka mitano katikati, ni kwamba mmoja akisema "simama" mwingine anasimama kwanza, anauliza baadaye.

Peugeot 404 naikumbuka barabarani enzi zetu, matope hadi kwenye vioo, na bado ikipita unaijua kwa mlio.

#14 Kijana_wa_Sinoni

Babu shikamoo. Mimi nilikuwepo siku hiyo kama mtazamaji, niliiona hiyo hadtop. Vituo vitano vya kwanza walitembea kwelikweli. Ila pale korongoni, njia ya kulia ilikuwa imechimbwa na magari yaliyotangulia, mitaro miwili mirefu. Gari likiingia lilikuwa linalala mpaka mtu wa pembeni anashika mlango. Magari mengine mawili yalipita palepale bila kuzima, na moja ni 1HZ pia.

#15 Korongo_Kavu

Asante Sinoni. Mnaona? Mawili yalipita. Na watu wajue kwa nini nilichagua kulia: kushoto kulikuwa na mzunguko wa kama mita arobaini zaidi. Mashindano yanapimwa kwa umbali. Mita arobaini kwa kila kituo ukizijumlisha umeshapitwa na mtu. Sikumdharau rafiki yangu, nilikuwa napiga hesabu.

#16 Mkono_wa_Kushoto

Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ndiye navigeta.

Nianze na ya ufundi, maana mengi hamjaambiwa. Kwanza, sauti ya "fyuuu" ilikuwepo mara ya kwanza, ndogo. Mara ya pili sikuisikia. Mara ya tatu mfuniko sikuufungua wala pampu sikuigusa, nilikuwa nimechoka nimekaa kwenye jiwe, na gari bado liliwaka. Pili, mara ya kwanza nilipofungua mlango redio ilikuwa imejizima na saa yake inasoma sifuri. Tatu, baada ya kuwaka mara ya pili nilibadili swichi ya tangi kwenda la mbele, lenye dizeli nusu, na bado kilima cha tatu lilizima. Hilo la tangi sikumwambia dereva. Nilijua angebisha.

Sasa ya kushoto na kulia. Nilitembea njia zote mbili kwa miguu. Kushoto palikuwa na njia ya mbuzi, imepanda taratibu, ardhi ngumu. Mbuzi hapandi pabaya kama pana pazuri. Mita arobaini nilizihesabu hata mimi.

Lakini siyo hilo lililonifanya nisipokee simu. Gari lilipozima mara ya kwanza lilirudi nyuma kama mita tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya tairi la kushoto na jiwe mikononi, nataka kukinga. Nililiona bampa linakuja. Niliruka, jiwe likabaki, tairi likalipanda likasimama. Wewe ulishuka ukauliza, "Rejeta ina majani?" Hukuniuliza mimi.

#17 Mama_wa_Gereji

Redio kujizima na saa kurudi sifuri! Huo ni umeme, niliwaambia.

Lakini kijana wangu, kwanza pole sana. Nimesoma hiyo sehemu ya mwisho mara mbili.

#18 FundiNozo

Pole mkuu, tena sana.

Kwa Mama: je, walitumia winchi ya kujivuta kabla ya pale? Kama walitumia, betri ilishuka, na redio inapoteza saa stata ikivuta. Si lazima iwe waya. Ila hili la kuhamia tangi la mbele na bado likazima limenitikisa. Linaondoa hoja ya robo tangi, na linaondoa hoja ya #5 kama kila tangi linapumua kivyake. Linabakiza mpira au kiungo baada ya mahali matangi yanapokutana. Au filta, hata kama ina miezi minne.

#19 Chujio_la_Pili

Haliniondoi mimi. Vijibomba vyote viwili vilipita tope lilelile.

#20 Mkono_wa_Kushoto

Winchi tulitumia kituo cha nne, dakika kumi hivi.

#21 Babu_Vumbi

Wote wawili nisikilizeni. Nyuma ya gari linalopanda hakai mtu. Hata awe na jiwe, hata awe na nia njema namna gani. Navigeta anasimama mbele, ubavuni, mahali dereva anamwona uso. Dereva asipomwona, hapandi.

Na gari likizima kilimani: breki ya mguu papo hapo, usikanyage klachi, maana ukiikanyaga umeliachia. Vuta hendibreki. Injini ikifa breki ya mguu inabaki na nguvu kwa kukanyaga mara chache tu, halafu pedali inakuwa jiwe. Kisha, kwenye hizi hadtop za zamani, unaweka rivasi ya gia nzito, unaachia klachi, unapiga stata gari likiwa ndani ya gia. Linaamka na kushuka lenyewe polepole, limeshikwa na injini. Wengi huweka nyutro wakidhani wanalisaidia gari. Huko ndiko mita tatu zinakotoka.

#22 Bin_Maskati

Wallahi Babu umesema. Sisi wa huku kila gari lina redio ya upepo, na neno ni moja, "wazi". Navigeta asiposema "wazi", gari haliondoki.

#23 Korongo_Kavu

Nimekaa na bandiko la #16 tangu jana usiku.

Sikujua ulikuwa nyuma. Niliangalia saiti mira ya kulia tu, kwa sababu mtaro ulikuwa upande ule. Nilikanyaga klachi, Babu, kama ulivyosema. Niliposhuka nilikuona umesimama unapangusa mikono, nikadhani umetoka kwenye tairi la mbele. Nisamehe ndugu yangu. Hii siyo ya simu wala ya humu, jioni nakuja nyumbani kwenu.

Na ya mita arobaini, bado nadhani hesabu yangu ilikuwa sahihi. Lakini wewe ndiye uliyetembea.

#24 Mkulima_Nanyuki

Hapo sasa. Kuja na kilo mbili za sukari umpelekee mamake.

#25 FundiNozo

Mkimaliza ya nyumbani, turudi kwenye gari, maana mtarudi kule na ugonjwa bado uko ndani. Kosa lenu la kifundi ni kugusa vitu vitatu kwa mpigo. Mfuniko, pampu ya mkono na muda, vyote ndani ya dakika ishirini. Tafuteni mpandio mrefu, mwende na kitu kimoja kimoja. Filta msibadilishe kwanza! Kata mpira kabla ya filta, weka kipande cha mpira wa kuona ndani, mtu mmoja achungulie vipovu. Mkiona vipovu gari likivuta, mvujo uko nyuma yake.

#26 Mama_wa_Gereji

Waya kwanza. Dakika mbili tu, bure. Taa ndogo ya kupimia, waya wake mmoja kwenye ile swichi ya pampu, taa ipandishwe mpaka dashibodi navigeta aione. Taa ikizima kabla ya injini, umeme. Injini ikizima taa inawaka, nitamnunulia FundiNozo soda.

#27 Chujio_la_Pili

Na mfuniko uwe wazi kidogo kwenye jaribio moja, mfunike kitambaa vumbi lisiingie. Msije mkanisahau.

#28 Mtu_wa_Mbio

Sasa mbona kila mtu anataka jaribio lake liwe la kwanza? Leteni mrejesho na picha. Babu, na baada ya 2002 mpaka Safari inarudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, hapo katikati ilikuwaje? Fungua uzi wake.

#29 Babu_Vumbi

Haikufa mjukuu, ilikosa tu kuwa kwenye ubingwa wa dunia. Wenyewe waliendelea kuikimbia. Uzi nitafungua.

#30 Mkono_wa_Kushoto

Amekuja jana, tumekula, tumeongea mpaka saa tano. Jumamosi saa moja asubuhi tunaenda ule mpandio wa machimbo ya moramu. Tunaanza na taa ya Mama, kisha mpira wa FundiNozo. Chujio, kitambaa tumekitenga.

Korongo, funguo namba kumi na saba yangu iko chini ya siti yako, ije. Jiwe nitabeba mimi, na nitaliweka kabla hujawasha.